Laki sita kwenye benchi la wodi: uchambuzi wa kisa kimoja cha ajali mkoani Lindi

Karatasi yenyewe ni ukurasa wa daftari la mistari, umechanwa upande wa kushoto, na una muhuri wa ofisi ya kijiji wa wino wa zambarau uliokolea pembeni na kufifia katikati. Mwandiko ni mzuri, wa mtu aliyezoea kuandika barua. Mstari wa nne kutoka chini unasema: "Majeruhi amepokea fidia kamili ya Sh 600,000/= na hana wala hatakuwa na madai mengine yoyote dhidi ya dereva, mmiliki wa gari au kampuni ya bima." Chini yake kuna saini tatu na alama ya dole gumba. Dole gumba hilo si la majeruhi. Ni la mjomba wake.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Lindi. Karatasi hii nimekaa nayo miezi mingi, na mwenyewe ameniruhusu nikieleze kisa chake. Jina lake silitaji, kijiji chake sikitaji, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Nitamwita mama muuza samaki, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomlea yeye na watoto wake wanne kabla mguu haujavunjika.

Kwenye kona

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 18 Novemba 2021, minada ya korosho ikiendelea na malori yakipishana usiku na mchana. Alfajiri alinunua samaki Lindi mjini, akapanda kosta hadi Mnazi Mmoja, pale inapochepuka barabara ya Masasi. Hapo akachukua bodaboda ya kijana wa kijijini kwao, ambaye humwita "mwanangu" ingawa hakumzaa. Ndoo ya samaki waliiweka katikati. Abiria alikuwa yeye peke yake. Nalisema hili mapema kwa sababu litarudi.

Kwenye kona moja kabla ya kufika Mtama, lori lenye shehena ya korosho likielekea bandari ya Mtwara lilikuwa linaipita pikapu. Kijana wa bodaboda akakwepa, akaishia mtaroni. Yeye alichubuka viwiko. Mama muuza samaki aliangukiwa na pikipiki, mguu wa kulia ukiwa juu ya jiwe la mtaro. Muundi ulivunjika mara mbili na ncha ya mfupa ikatokeza nje ya ngozi.

Dereva hakukimbia. Alisimama, akasaidia kumnyanyua, akampigia simu tajiri yake. Namshukuru kwa hilo, na mama mwenyewe humshukuru hadi leo. Trafiki walifika, wakapima, wakachora ramani ya tukio. Fomu ya polisi, PF3, ikatolewa, na daktari akajaza kwamba jeraha ni kubwa.

Mpaka hapa kila mtu alifanya kilichompasa. Kisa kiliharibika siku ya tatu.

Mkono wa pole ulioandikwa fidia

Siku ya tatu wakaja wanaume wawili wodini: dereva, na mtu mwingine aliyejitambulisha kuwa ametumwa na tajiri. Walikuja na machungwa, maji ya chupa na bahasha. Mgonjwa alikuwa ametoka chumba cha upasuaji usiku uliotangulia, dripu mkononi, akisinzia na kuzinduka. Yule mtu akauliza swali moja la kistaarabu: "Mwenye mgonjwa ni nani?"

Kwa watu wa Kusini swali hilo lina jibu moja. Kwa Wamwera, kama ilivyo kwa Wamakonde na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye nguzo. Mjomba ndiye anayekaa kwenye posa, anayeamua mambo ya msiba, anayezungumza na wageni wenye jambo zito. Basi mjomba akaitwa kutoka nje, wakaketi kwenye benchi la mbao la ukumbini, shikamoo na marahaba zikapita, na maneno yakaanza: ajali haina kinga, sisi sote ni binadamu, tajiri ameguswa sana, ameona alete chochote cha kununulia dawa, mambo ya polisi na mahakama ni kupoteza muda, tuyamalize kifamilia.

Mjomba aliniambia mwenyewe, na sina sababu ya kutomwamini: "Mimi niliambiwa hela ya dawa. Karatasi nikaambiwa ni ya kuonyesha kwamba bahasha imefika, isije ikasemwa dereva kaila njiani." Macho yake hayaoni vizuri maandishi ya karibu. Hakusomewa. Akaweka dole gumba. Muhuri wa kijiji uligongwa kesho yake, na aliyeugonga hakumwona mgonjwa.

Katika kazi hii nimejifunza kutofautisha maneno matatu ambayo mtaani huchanganywa. Mkono wa pole ni utu. Mtu hutoa bila kukiri kosa, na anayepokea hapotezi haki yoyote. Malipo ya awali ni sehemu ya deni. Baadaye hukatwa kwenye jumla. Fidia kamili ni mlango unaofungwa. Kilichotolewa pale kwenye benchi kilisemwa kwa neno la kwanza na kikaandikwa kwa neno la tatu. Tofauti ilikuwa kwenye karatasi tu, na pale hapakuwa na mtu wa upande wa mgonjwa mwenye mazoea ya kusoma karatasi za aina hiyo.

Watu hudhani wakili ni wa kwenda kushtaki. Ukimwambia mtu "muone wakili" anakusikia unasema "tangaza vita". Mama huyu aliniambia vivyo hivyo: aliogopa kumwita wakili kwa sababu dereva alikuwa mwema kwake na kijana wa bodaboda ni mtoto wa jirani. Lakini siku ile ya tatu wakili asingefungua kesi yoyote. Angefanya jambo dogo kuliko yote: angeomba kalamu, akafuta maneno "fidia kamili", akaandika kwamba Sh 600,000 zimepokelewa kwa ajili ya matibabu, bila kuathiri haki ya majeruhi kudai fidia. Mstari mmoja. Machungwa yangeliwa, bahasha ingepokelewa, dereva angeaga vizuri, na mlango ungebaki wazi. Hata kwa simu angeweza kusema, "Pokeeni, lakini msisaini kitu mpaka nikisome."

Je, karatasi ile ilimfunga? Hili ndilo swali la kwanza nililompelekea wakili tuliyeshirikiana naye, mwanamke wa hapa Lindi ambaye amefanya kesi nyingi za ajali. Jibu lake lilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza: mtu mzima mwenye akili timamu hawezi kusainiwa na mwingine bila kumpa mamlaka hayo, na heshima ya mjomba, kwa ukubwa wake wote, haimpi uwezo wa kuuza madai ya mguu wa mpwa wake. Upande wa pili ulikuwa mchungu: fedha alizipokea, akazitumia, na kwa miaka karibu mitatu hakuwahi kuandika popote kwamba hakuridhika. Mwenzetu wa upande wa pili atasema aliridhia kwa kunyamaza. Karatasi ambayo ingepingwa kirahisi wiki ya kwanza, ilikuwa imeota mizizi.

Faini haikuwa yake

Dereva alifikishwa mahakamani, akakiri kosa la kuendesha kwa uzembe, akatozwa faini, akalipa. Kijijini habari ikafika kwamba "kesi imeisha". Mama muuza samaki naye akaamini imeisha. Alikaa akisubiri labda sehemu ya faini ile itamfikia.

Kosa hili la uelewa nakutana nalo kila mwezi. Kesi ya trafiki ni ya Jamhuri dhidi ya dereva, na faini inaingia serikalini. Majeruhi pale ni shahidi tu. Madai ya fidia ni kesi nyingine kabisa, ya madai, ambayo yeye mwenyewe ndiye anayeifungua. Hakimu wa kesi ya jinai ana uwezo wa kuamuru mshtakiwa amlipe fidia aliyeumia, ila mara nyingi hilo halifiki mezani kwake kama hakuna aliyemkumbusha mwendesha mashtaka na kumpa vielelezo vya gharama. Siku dereva anakiri, mama alikuwa amelala chali na mguu umening'inizwa. Hakujua hata tarehe.

Hata hivyo kukiri kule ndiko kulikotuokoa baadaye. Kwa Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai inayomtia mtu hatiani, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi usiopingika kwamba alitenda kosa lile. Tulipopata nakala iliyothibitishwa ya hukumu, hatukuhitaji tena kubishana nani alikuwa upande usio wake. Tuliipata kwa tabu, baada ya safari nne na barua mbili, kwa sababu jalada lilikuwa limeshapelekwa masijala ya majalada yaliyofungwa. Mwaka 2021 ingekuwa kazi ya asubuhi moja.

Miaka ya mguu

Jeraha liliingia wadudu. Chuma kilichowekwa kikatolewa. Akapewa rufaa ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili, zaidi ya kilomita 400 kutoka Lindi, na akaenda mara tatu, kila safari na mtu wa kumsindikiza. Safari ya nne ilikuwa iwe Mei 2024, kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya Kilwa ikakatika eneo la Somanga, miadi ikapita. Mkopo wa kwanza alichukua kwa dada yake, wa pili kwenye kikoba. Shamba la mikorosho la marehemu mama yao likawekwa rehani kwa mdomo.

Muda wote huo laki sita ilikuwa imeshaisha, iliisha hata kabla ya Krismasi ya 2021.

Alikuja kwangu Jumatatu, tarehe 19 Agosti 2024, akiegemea gongo la mkono mmoja, mguu wa kulia mfupi kuliko wa kushoto. Hakuja kuuliza fidia. Alikuja kuuliza kama dada yake anaweza kuchukua shamba. Katikati ya maelezo akaitaja ajali, nikamwuliza ilikuwa lini, akanitajia tarehe.

Nikachukua kalenda ya ukutani nikahesabu kwa kidole. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka mitatu kwa madai yanayotokana na madhara ya aina hii. Miaka mitatu ingekamilika tarehe 18 Novemba 2024. Zilibaki siku 91.

Nataka nieleweke vizuri kuhusu ukomo, maana watu huuchukulia kama kuchelewa kazini, kwamba utaomba radhi utasamehewa. Kifungu cha 3 cha sheria hiyo kinasema shauri lililofunguliwa nje ya muda litatupwa, hata kama mdaiwa hakuinua hoja hiyo. Hakimu atalitupa mwenyewe. Haijalishi mguu umekatwa, haijalishi dereva amekiri. Na lau lori lile lingekuwa la halmashauri au la taasisi ya umma, hali ingekuwa mbaya zaidi: kabla ya kuishtaki Serikali lazima utoe notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 utaratibu huo unazigusa pia halmashauri na mashirika ya umma, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, na shauri linakwenda Mahakama Kuu, ambayo kwa sisi wa Lindi wakati ule ilikuwa Mtwara. Siku 90 katika 91. Hakuna wakili mwenye akili anayependa kufika mahakamani akibishania kama siku za notisi zinahesabiwa au hazihesabiwi.

Fundo la kanga

Nilimwomba vielelezo. Akafungua pindo la kanga, akatoa fungu la karatasi lililokunjwa hadi kuwa kama kipande cha sabuni. Harufu ya samaki ilikuwa bado imo. Tukazikunjua moja moja juu ya meza.

Risiti ya kwanza ilikuwa nyeupe. Ya pili nyeupe. Ya tatu ilibaki na kivuli cha nembo juu na tarakimu mbili chini. Risiti za mashine ya EFD huchapwa kwa joto kwenye karatasi laini. Ukiiweka kwenye joto, jasho au mafuta, maandishi yanapotea. Karatasi kumi na tisa tulizihesabu, na kumi na nne zilikuwa hazina kitu. Yeye alizitunza kwa uaminifu wote, karibu na mwili wake, na utunzaji huo ndio uliozifuta. Alizigeuza upande wa pili, kana kwamba maandishi yamehamia huko. Mimi nilikosa la kusema.

Sababu ya risiti kuwa na uzito hivi ni kwamba mahakama zetu hugawa fidia mafungu mawili. Kuna hasara mahsusi: dawa, nauli, upasuaji, kipato kilichopotea hadi siku ya kesi. Fungu hili Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba lazima litajwe kwa tarakimu na lithibitishwe kwa ushahidi hasa, makadirio hayatoshi. Kisha kuna fidia ya jumla, ya maumivu na ulemavu na raha ya maisha iliyopotea, ambayo hakimu hukadiria kwa busara yake. Kwa kukumbuka safari na dawa, mama alikadiria ametumia Sh 4,300,000. Tulichoweza kukithibitisha kwa karatasi ni Sh 1,270,000. Tofauti yake, zaidi ya milioni tatu, iliyeyuka ndani ya fundo la kanga.

Wakili akipatikana mwezi wa kwanza, risiti zinatolewa kivuli siku hiyo hiyo, au zinapigwa picha kwa simu na kutumwa. Ni kazi ya shilingi mia mia. Anaandika pia barua hospitali kuomba taarifa kamili ya matibabu wakati daktari aliyempasua bado yupo. Daktari wa mama huyu alikuwa ameshahamishiwa mkoa mwingine.

Kwenye kipato ndipo wakili alipofanya jambo ambalo mimi nisingeliwaza. Muuza samaki hana hati ya mshahara wala vitabu vya hesabu. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Wakili akamwuliza, "Mama, uko kwenye kikoba?" Yupo. "Daftari lako la hisa unalo?" Analo. Likaletwa wiki iliyofuata. Kila wiki hisa hugongewa muhuri mdogo, hisa moja Sh 2,000. Ukurasa wa Septemba 2021: mihuri mitano, mitano, minne, mitano. Oktoba: mitano kila wiki. Novemba: mitano, mitano, kisha mstari mtupu, na mstari mtupu, na kurasa tupu hadi mwisho wa mzunguko. Si hati ya mshahara, lakini hakuna aliyeweza kuzitazama kurasa zile akasema mwanamke huyu hakuwa na kazi.

Kosa langu

Kuna wiki tano nilizozipoteza mimi, na lazima niziseme.

Kila gari linatakiwa kuwa na bima ya kumlinda mtu wa tatu; ndilo lengo la Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ili majeruhi asitegemee mfuko wa dereva. Namba ya lori tulikuwa nayo kwenye nyaraka za polisi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni ambao mtu yeyote anaingiza namba ya gari na kuona kama bima ipo. Niliingiza, jina la kampuni likatokea, nikafurahi, nikaandika barua ya madai. Wiki tano baadaye jibu likaja: kampuni hiyo ilianza kulikatia lori bima mwaka 2023. Inayohusika ni ile iliyokuwa na bima siku ya ajali, na mimi niliitazama stika ya leo.

Lori lenyewe lilikuwa limeshauzwa. Mmiliki wa 2021 alipatikana kupitia kumbukumbu za usajili za Mamlaka ya Mapato, TRA, na kampuni ya bima ya wakati ule ikajulikana kupitia nyaraka za polisi ambazo wakili aliziomba rasmi. Sheria inataka pia kampuni ya bima ijulishwe mapema kuhusu kesi inayomhusu mteja wake, la sivyo inaweza kukataa kulipa hukumu itakayotolewa. Hilo nalo wakili alilikimbiza. Picha ya stika kwenye kioo cha mbele, iliyopigwa siku ya ajali na mtu yeyote mwenye simu, ingeokoa yote haya. Kijana wa bodaboda aliipiga. Simu ile ilitumbukia majini mwaka 2022.

Mishikaki

Madai yalifunguliwa tarehe 24 Oktoba 2024, siku 25 kabla ya mlango kufungwa. Utetezi ulipokuja, ulikuwa na hoja ambayo mama aliisoma akalia: kwamba bodaboda ilibeba mishikaki, abiria wawili, bila kofia ngumu, na hivyo majeruhi alichangia madhara yake mwenyewe.

Kofia ilikuwa rahisi kuijibu. Ni kweli hakuvaa, na alipaswa kuvaa, lakini kofia hailindi muundi. Abiria wawili ndiyo ilikuwa kazi. Aliyeona kila kitu ni mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo kando ya kona ile. Mwaka 2021 alikuwa pale kila siku, ungeshuka kwenye gari ukachukua maelezo yake kabla mafuta hayajachemka. Mwaka 2024 tuliambiwa ameolewa Tunduru, kisha tukaambiwa amehamia Songea, kisha namba yake ikawa haipatikani. Tulibaki na kijana wa bodaboda, ambaye ni shahidi mwenye maslahi, na ramani ya polisi, ambayo haikuandika idadi ya abiria. Hoja ya uongo ilibaki hewani bila wa kuizima kabisa, na katika mazungumzo ya fedha hoja inayobaki hewani ina bei.

Mashauri ya madai hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi chini ya mahakama. Tulikaa vikao vitatu. Yaliyosemwa mle ndani hubaki mle ndani. Naweza kusema tu kwamba karatasi ya laki sita ilikuwa juu ya meza kila kikao, na kila mara ilipoinuliwa kiwango kilishuka. Mwezi Juni 2025 pande zikakubaliana Sh 11,500,000, laki sita zikiwa zimeshahesabiwa ndani yake.

Wakili alituambia waziwazi kwamba kwa ulemavu ule, dereva aliyekiri na bima hai, angelenga zaidi ya mara mbili ya hapo kama angepata jalada safi. Namwamini. Nimeyarudia mahesabu yale usiku mara kadhaa.

Kuhusu ada, kwa kuwa najua ndilo linalowazuia wengi: msaidizi wa kisheria halipwi na mteja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutaka tusaidie bure, na inatukataza kusimama mahakamani kama mawakili. Kazi yetu ni kusikiliza, kuhesabu siku, kuandika barua na kumfikisha mtu kwa wakili kabla hajasaini. Wakili ana ada yake, na mkataba wa ada uandikwe siku ya kwanza; wa mama huyu uliandikwa, ukasomwa kwa sauti, akabaki na nakala. Na kama mtu ameumia akiwa kazini, kibarua cha ghalani kwa mfano, aulize pia habari za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huo una utaratibu wake na tarehe zake, na taarifa kwa mwajiri haitakiwi kusubiri mguu upone.

Siku ya kusaini hati ya maridhiano mjomba alikuja Lindi kwa kosta ya kwanza, kanzu nyeupe na kofia, kama anakwenda kwenye nikaha. Hakuitwa na mtu. Aliketi pembeni ya mpwa wake, na wakili alipotandaza hati, akainua mkono.

"Mwanangu, naomba isomwe yote. Tangu juu."

Wakili akasoma, kurasa tatu. Alipofika kwenye kifungu cha saba, mzee akamsimamisha. Kilikuwa kinasema kwamba baada ya malipo hayo mdai hatakuwa na madai mengine yoyote dhidi ya wadaiwa. Maneno karibu yale yale.

"Hayo ndiyo ya kwenye karatasi yangu?"

"Ndiyo, mzee. Ndiyo hayo."

"Na maana yake hayabadiliki?"

"Hayabadiliki. Akisaini, yameisha."

Mzee akamgeukia mpwa wake, akamwuliza kama amesikia. Akasema amesikia. Akamwuliza kama hela ni ile aliyotajiwa. Akasema ndiyo hiyo. Mzee akasogeza kidau cha wino mbali kidogo na mkono wake, akampa mpwa wake kalamu.

Mama muuza samaki alisoma hadi darasa la saba, na saini yake ni jina lake kamili, herufi kubwa, zilizoachiana nafasi.